Viatu Vilivyongoja Chini ya Kitanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni muuza mihogo mikavu kutoka Bulumbi, na kama mnavyoona miguu haifanyi kazi, lakini mdomo mzima. Chekeni tu. Mkutano uliopita ndugu mmoja aliuliza kama sisi wa kwenye magurudumu tuache kuota ndoto, maana hazitusaidii kitu. Mwenyekiti akasema leo nijibu mimi.

Zamani nilikuwa natembea. Nilikuwa napanda lori la mizigo, nakaa juu ya magunia kama wenzangu wote, nakwenda Mwello kununua mihogo, narudi kuuza Busia. Siku moja mvua ilinyesha, lori likateleza, tukamwagika pamoja na magunia. Wenzangu waliinuka wakijipangusa matope. Mimi sikuinuka. Hospitalini Tororo daktari hakuzungusha maneno: uti wa mgongo umeumia, miguu haitarudi. Nilimchukia daktari yule kwa moyo wangu wote.

Nikaletwa nyumbani. Akaja mhubiri mmoja, simtaji, akaniombea vizuri sana, halafu akaniambia, "Mama, weka viatu tayari chini ya kitanda. Siku ya kuinuka usianze kuvitafuta." Nawaambia, maneno hayo yalinishika. Nilikuwa na viatu vyeusi vya kanisani, vipya, sijavivaa hata mara moja. Kila Jumamosi mume wangu ananipa, navipiga rangi, navirudisha chini. Usiku naota natembea barabara ya Busia na beseni kichwani. Asubuhi naamka, miguu ile ile.

Kanisa likaniletea baiskeli ya mikono, hii ya magurudumu matatu. Nikashukuru, wakaondoka, nikasema iwekwe nyuma ya jikoni. Kwangu mimi, kukaa pale ilikuwa kumwambia Mungu kwamba nimekata tamaa na yeye. Kuku akapanda kwenye kile kiti, akataga, akalalia mayai yake. Nikaona sawa, angalau yupo anayeitumia.

Nilikaa hivyo mvua zikaja, zikaisha. Sokoni siendi, kanisani siendi. Mume wangu akaacha kunisimulia habari za Busia kwa sababu nilikuwa nalia. Halafu mwenzangu wa sokoni, tuliyekuwa tunauza meza moja, akafiwa na mama yake, hapo Sikuda tu. Sikwenda. Na nyinyi mnajua, mfiwa anamjua aliyekuja na anamjua ambaye hakuja.

Senge yangu, yaani dada ya baba, alitoka mazikoni akapita kwangu na vumbi miguuni. Hakukaa.

"Wameniuliza uko wapi."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia anangoja miguu."

Nikaanza kulia. Senge hakunibembeleza. "Wewe mtoto, hiyo miguu ikija leo, unataka kwenda wapi?"

"Senge nawe! Nataka kwenda sokoni."

"Sokoni baiskeli inafika. Wapi tena?"

"Kanisani. Kwa watu wakifiwa."

"Inafika. Wapi tena?"

Hasira zikanipanda. "Nataka kupanda mwamba wa Tororo!"

"Ulipokuwa na miguu ulipanda lini?"

Ndugu zangu, nilicheka na machozi yangu usoni. Ule mwamba nimeuona kwa mbali tangu utoto na sijawahi hata kuusogelea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizo nilikuwa naota kwenda. Miguu ilikuwa njia moja ya kwenda, nami nilikuwa nimekaa nangoja hiyo moja tu.

Senge akaenda nyuma ya jikoni kumtoa kuku. Kuku akagoma, akamdonoa. Senge akamhamishia na mayai yake kwenye beseni langu la zamani. Yeye na mume wangu waliponikalisha kitini nikasema, "Ngojeni. Nipeni viatu." Mume wangu alinitazama, kisha akainama, akanivisha.

Tulianzia kwa mwenzangu aliyefiwa. Nilichelewa, lakini nilifika. Alinishika mikono akasema, "Nilikuwa nakutafuta kwa macho." Siku ya soko nikaenda Busia. Mahali pangu palikuwa pamechukuliwa, tukagombana kidogo, nikapewa pembeni. Mikono ikatoka malengelenge, ikazoea. Na mnaofanya kazi pale Busia mpakani mnajua, baiskeli hii inabeba magunia ambayo kichwa changu kisingeweza. Siwadanganyi, mvua ikinyesha nakwama kwenye matope, na wapo wanaonipita kama jiwe. Siku nyingine nalia. Lakini nalia nikiwa njiani.

Namshukuru senge, ambaye leo amekataa kuja, anasema maneno yangu ni marefu. Namshukuru mume wangu. Nawashukuru watu wa kanisa, na mnisamehe kwa kinyesi cha kuku juu ya msaada wenu. Hata daktari namshukuru, aliniambia kweli.

Na wewe ndugu uliyeuliza, usiache kuota. Ila iulize ndoto yako inataka kwenda wapi, halafu uangalie nyuma ya jikoni kama hakuna kitu kinachofika huko. Mimi miguu bado naiomba kwa Mungu, sifichi. Akija kunijibu atanikuta sokoni.

Vile viatu ndivyo hivi nilivyovaa. Juu vimekwisha kwa vumbi na matope ya Busia. Hebu inueni mguu wangu mtazame soli: mpya kabisa.