Moshi Kwanza, Mlio Baadaye

Kaeni jamani, mliosimama pale mlangoni sogeeni, viti vya mbele havina wenyewe, mnisikilize, maana nimepewa kazi ya kusoma na shule yangu mnajua iliishia wapi, nikikwama kwenye neno mnivumilie.

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye uwanjani kote walimwita Mama Moshi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa tatu wa fundi viatu, na bibi alikuwa akisema alitoka ametulia tuli, anaangaza macho kama mtu anayengoja wengine wamalize.

Alianza shule mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, na mtihani wa mwisho wa fizikia ulipouliza muda ni nini, yeye akajibu kwamba vitu vyote vikisimama kabisa, hata vumbi, hata damu mwilini, muda nao unakosa pa kukaa, akapewa alama mbili kati ya kumi, na bado akaringa nazo mpaka uzeeni.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa uwanja wa michezo kama karani wa tiketi, baada ya miaka miwili akahamishiwa kwa wapima muda, wale wanaokaa kwenye ngazi pale mwisho wa mbio na saa za kubonyeza mkononi, na huko ndiko alikopata jina, kwa sababu kila mgeni wa kazi alimfundisha jambo moja tu, bastola ikilia usingoje mlio, bonyeza ukiona moshi, mlio nao ni msafiri, una mita mia za kutembea mpaka ukufikie, ukiungoja umeshaibiwa sehemu tatu za kumi za sekunde na mwizi humwoni.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na mchora mistari ya uwanja, marehemu mjomba, mtu wa chokaa na kamba, watu wakawatania kwamba mmoja anapima njia, mwingine anapima muda, basi kati yao wataujua mwendo wa kila kitu isipokuwa wa binti yao, huyu dada yangu tunayemwita Risasi, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1987 na kuanza kukimbia kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Nilipokuwa mdogo nilikaa naye kwenye zile ngazi asubuhi, ukungu bado umelalia majani, Risasi anazunguka kule mbali kama kivuli, na shangazi ananiambia polepole kwamba ndani ya saa kuna kijiwe kinatetemeka zaidi ya mara elfu thelathini na mbili kwa sekunde, sisi tunahesabu mitetemo yake tunailinganisha na miguu ya mtu, mwendo kwa mwendo, basi, muda wenyewe hakuna aliyeushika, halafu anacheka, anasema na anayekimbia saa yake inachelewa kidogo kuliko ya aliyekaa, kidogo mno, chini ya unywele uliopasuliwa mara milioni, kwa hiyo mwanangu anabaki kijana kule, mimi nazeeka hapa kwa kumngoja.

Sasa hapa wakubwa wa familia waliniambia niruke, nisitoneshe kidonda msibani, lakini shangazi mwenyewe aliniambia soma, na Risasi akiwepo, kwa hiyo nasoma.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2008, mbio za mchujo, mita mia, kiwango cha kuchaguliwa sekunde kumi na moja nukta tano, Risasi alifika wa kwanza, wapima muda wawili wakapata kumi na moja nukta nne, shangazi akapata kumi na moja nukta saba, na sheria inasema saa mbili zikikubaliana ndizo za kweli, watu wameshaanza kurukaruka, lakini yeye ndiye mkuu wao, akawauliza wenzake mmebonyeza kwa moshi au kwa mlio, nao wakakiri, jua lilikuwa machoni, walibonyeza kwa mlio, akazifuta saa zao akaandika yake, Risasi akaachwa, akavua viatu palepale, akahama mwezi uliofuata, na kwa miaka kumi na tano hawakuzungumza.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka, daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, yeye akasema sasa na mimi nimekuwa saa, nihesabuni, akalazwa tarehe 22 Januari 2024, Risasi akafika tarehe mosi Februari, akakaa siku mbili amemshika ule mkono, ya mbio hawakuyagusa, na tarehe 3, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkono ukatulia.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ile, majirani mliotuletea viti na maji, na wapima muda wenzake, wawili wa siku ile mkiwemo, tumewaona.

Wiki moja kabla hajafariki, shangazi aliniambia kwamba hesabu yake ilikuwa sawa, hilo halina ubishi, ila kila asubuhi alijiuliza kama mama alitakiwa kuhesabu siku ile, akasema mkishanilaza msinisifu, niulizieni watu, na mimi nimemwangalia dada yangu pale alipokaa, naye ameitikia kwa kichwa.

Lala salama, shangazi, na nyinyi mliokaa, ungekuwa wewe umeshika saa, mwanao anakuja mbio, na moshi umeuona peke yako, ungeandika ipi?