Dada Aliyeuliza Habari za Bangi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, tuliyezoea kumwita Mama Hesabu, na mnivumilie sauti ikinikatika, maana mimi ni kitinda mimba na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1983, akapata stashahada ya takwimu mwaka 1987, na tarehe 4 Januari 1988 akaajiriwa hospitali kuu, dirisha la mapokezi, kuandika kadi za wagonjwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba mtu akiulizwa mbele ya foleni kama anavuta bangi, ghafla anakuwa mgonjwa wa tumbo tu.

Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, mtu mpole ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumshinda kwa ubishi hata mara moja, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016, akiwa ameshahamia wizarani, alitumwa kuchunguza kama nchi moja iliyohalalisha bangi inaweza kuwa mfano kwetu, akakaa huko wiki sita, akarudi na majedwali tele, na wakubwa wakataka neno moja, ndiyo au hapana. Yeye akaandika kwamba takwimu za wenzetu zimetoka kwa watu wasioogopa kujibu, zetu kwa watu wenye hofu, hivyo kabla ya kuiga au kukataa tujifunze kwanza kuuliza, na akatoa mfano wa mdogo wake aliyemwambia sivuti huku shati likinuka moshi. Mdogo wake huyo ni mimi, na kwa hasira ya kuanikwa nilimnunia miaka minne.

Saratani iligundulika tarehe 8 Februari 2021, nikarudi kwake na aibu zangu, nikawa namwogesha na kumlisha, hadi siku aliponiuliza tena, taratibu, bila kugomba, nikamjibu kweli kwamba nilivuta miaka kumi na mmoja na nimeacha, naye akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba radhi kwa kuniandika bila ridhaa yangu. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake, ambao nasikia bado wanabishana juu ya ripoti ile.

Dada, nimeyasema mbele ya watu wote hawa, wakwe zangu wakiwemo, na safari hii ridhaa ni yangu mwenyewe. Nenda kapumzike kwa amani.