Saa Sabini na Mbili za Bi Leonsia

Tarehe 30 Juni, Bi Leonsia Iteka anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika maabara za wilaya za Ngara na Biharamulo. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Malongo, niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, lakini mwaka 2021 bado unanichefua.

Alianza kazi mwaka 1994 katika kambi za wakimbizi za Lukole, akipima malaria na kipindupindu ndani ya hema. Baadaye akahamia zahanati ya Bisibo, kwenye darubini iliyotegemea mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, aliwaambia wagonjwa wasubiri, nao walisubiri. Alipofika kwetu, kwenye kituo cha afya hapa Ngara, tulijua tumepata mtu mkali. Ukimpelekea sampuli isiyo na jina, anakurudisha nayo mbele za watu.

Halafu ikaja UVIKO-19, na pamoja nayo vyeti vya kusafiria kwa ndege. Jamani! Nchi moja ilihesabu saa sabini na mbili tangu kijiti kitoke puani, nyingine ilihesabu tangu majibu yatoke, ya tatu ilitaka upimwe tena uwanjani hata kama unapita tu. Waraka wa Jumatatu ulifutwa na waraka wa Alhamisi, na sisi huku ule wa Jumatatu tuliupata Ijumaa. Bi Leonsia akaweka kanuni moja: kabla hujamgusa msafiri pua, muulize ndege yake inaondoka lini na inapitia wapi, kisha hesabu kurudi nyuma.

Shida ni kwamba huku kwetu anayejiandaa mapema ndiye mtu makini. Kwa hiyo watu walikuja kupimwa wiki mbili kabla, wakaondoka wakitushukuru.

Mwezi Oktoba akaja Francisca, binti wa Mzee Niyongabo, mkulima wa maharage wa Mugoma. Kaka yake Anastazi alikuwa amelazwa India, figo zote mbili zimekufa, na vipimo vilishaonyesha kwamba figo ya Francisca inamfaa. Siku ya upasuaji ilishapangwa. Akiikosa ndege, Anastazi angerudishwa mwisho wa foleni, na madaktari walishasema hana muda wa foleni. Francisca akapimwa siku tisa kabla ya safari, akakutwa hana maambukizi. Mzee akakitia cheti laminesheni, akakipeleka kanisani kikabarikiwa, na ukoo mzima ukamuaga binti kwa pombe ya ndizi.

Ndege ilikuwa Alhamisi. Jumatatu yake baba na binti wakapita kituoni kuaga, cheti kinaning'inia kifuani mwa mzee. Bi Leonsia akasoma tarehe, akakaa chini. Kisha akafoka hadi wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani. Mzee Niyongabo naye hakukubali kushindwa. Alisema cheti ni cheti, na kwamba cha ubatizo wake, cha mwaka 1968, hakuna padri aliyewahi kukikataa.

"Baba, ubatizo hauozi," Bi Leonsia akamjibu. "Hiki ni maziwa, na yameshaganda."

Tukajaribu kumhamishia binti Mwanza akapimwe huko. Mtandao ukakataa katakata, eti ameshasajiliwa kwetu. Gari la kupeleka sampuli zetu maabara ya Mwanza lilikuwa la Ijumaa. Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Bi Leonsia akamchukua Francisca sampuli upya, akapanda naye basi, akapakata kisanduku cha barafu mapajani kutoka Ngara mpaka Mwanza. Aligoma hata kushuka kula Biharamulo, asije mtu akakikalia. Majibu yalitoka Alhamisi saa nne asubuhi, ndege ikiondoka hapo hapo Mwanza saa sita mchana. Francisca akapanda. Mwezi uliopita nimemwona Anastazi gulioni, mzima, akibishana na muuza mbegu.

Mngedhani tulipewa hongera. Wapi! Ilikuja barua kutuuliza kwa nini msafiri mmoja amepimwa mara mbili. Bi Leonsia akajibu kwamba maabara ni yake, na uzembe wa maabara ni wake. Akapewa onyo la maandishi, na Mei Mosi iliyofuata jina lake likakatwa kwenye orodha ya mfanyakazi bora.

Hakuna aliyeuliza nani alichukua sampuli ya kwanza. Nilikuwa mimi. Foleni ilikuwa ndefu, sikumuuliza binti ndege yake ni lini. Na siku ile Bi Leonsia anafoka, nilikuwa nimesimama palepale, nikitikisa kichwa kana kwamba nawashangaa wakulima wa watu. Yeye rejesta aliiona, na saini yangu aliiona. Ananiudhi mama huyu! Miaka yote tunakula meza moja, hajanigusia hata kwa utani.

Jumatatu hii nimempelekea mkuu wa kituo barua, nikiomba onyo lile litolewe kwenye jalada lake liwekwe kwenye langu.

Bi Leonsia, tunakushukuru kwa kazi yote. Mungu akupe afya, shamba likuzalie, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Shikamoo, mama. Nisamehe.