Pembe Imezimwa

Benchi letu liko nyuma ya stesheni ya Same, pale Saada anapouza kahawa, na mwaka ule wa zogo la kodi lilikuwa na kazi nyingi kuliko boma. Asubuhi tarishi alipita akitangaza agizo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya: marufuku kupuliza pembe milimani, maana pembe ndiyo iliyowateremsha watu wakalizingira boma. Kwamba pembe hiyohiyo ndiyo inayowaita Wapare kwenye msaragambo, wazibue mifereji na kutengeneza ndiva, bwawa la kunyweshea mashamba, hilo halikutajwa. Wazee wa benchi walishika moja tu: serikali imeizima pembe.

— Imeizimaje? akauliza Signali, aliyewahi kushika bendera ya treni na hajaishusha mpaka leo.

— Unaanza na moto, akasema Bama, aliyerudi vitani na koti la jeshi. Halafu taa. Mwishowe watu wanajizima wenyewe.

— Kisheria wamezima pumzi, akakata Wakili, ambaye uwakili wake ni kumbebea mkoba wakili mmoja wa Moshi. Ukipanda mlima ukahema kwa nguvu, una kesi.

— Na ng'ombe? akauliza Signali.

— Ng'ombe ana pembe mbili. Makosa mawili.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Bama. Wamekuja. Nani kapona?

Tulicheka mpaka vikombe vikamwagika. Bama akaapa kwamba angepata pembe siku ileile, angeipulizia mlangoni pa boma, wamfunge wakitaka.

Hapo akafika mwanamke na kikapu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Alijitaja kuwa Dorkas, wa Chome, ametoka kumpelekea mumewe chakula mahabusu. Ukingo wa ndiva yao ulikuwa umepasuka, maji yanapotea, na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua. Huko kwao agizo lilifika tangu juzi; mumewe alipopuliza kuwaita watu, akakamatwa. Na kule milimani msaragambo hauitwi kwa kunong'onezana mlango kwa mlango. Pembe isipolia, hatoki mtu. Akafunua kikapu, akaiweka pembe juu ya benchi, katikati ya vikombe.

— Wamechukua ile nyingine. Hii niliificha. Nani atapanda nami akaipulize?

Signali alitazama reli. Wakili alitafuta kitu mfukoni. Bama akafunga vifungo vya koti, na jua lilikuwa kali. Nami nilikuwapo, nina mapafu mazima, na aibu ile bado ninayo.

— Saada, ongeza kahawa, akasema Bama.

— Imekwisha, akasema Saada. Birika alikuwa amelishika, na lilikuwa linatoa mvuke.

Dorkas akaifunga pembe ndani ya kanga, akaondoka. Alipofika panapoanza mlima tukamsikia akijaribu. Ilikoroma, ikakohoa, kisha ikalia, ikapita juu ya stesheni na juu ya boma.

— Kisheria, akasema Wakili taratibu, sisi hatujasikia kitu.

Siku nzima tulikuwa tumembishia. Kwa hilo hakuna aliyembishia.