Kadi ya Kliniki Mikononi mwa Wanaume Watatu

Fundi Makochi alilikosea tumbo la kwanza la mkewe. Mbele ya Mungu alikwisha kuungama, tena kwa machozi. Mbele ya binadamu ndipo ulimi ulipokuwa mzito. Mwaka juzi mkewe aliambiwa kliniki arudi akapimwe. Fundi akaenda kuuliza kijiweni kwanza, kijiwe kikakata shauri, naye akarudi nyumbani na hukumu kama aliyetoka kortini: "Hutoki." Mke akatii. Mwezi wa tano mimba ikatoka.

Kijiwe chenyewe ni benchi lililoegemea ukuta wa karakana yake, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wakaaji ni watatu. Pancha huziba matairi. Saa Mbovu hutengeneza saa za watu, yake hana. Profesa huuza magazeti; husoma vichwa vya habari tu, yaliyobaki anayatunga mwenyewe. Asubuhi hiyo, saa tatu na ushei, Fundi alitoa mfukoni kadi ya kliniki ya mkewe. Tumbo la pili lilikuwa na majuma kumi na mawili. Masomo ya Fundi yaliishia shule ya msingi, na mwandiko wa kliniki ulimtisha. Lakini kilichomtisha zaidi ni kuusoma akiwa peke yake.

— Soma tu, Profesa. Sikuombi ufafanuzi.

— "Shingo ya kizazi: laini, iko juu, imefunga." Profesa akaitoa miwani. Laini! Mmesikia wenyewe?

— Laini si nzuri, Pancha akadakia. Tairi likiwa laini, upepo umepungua. Shemeji alale, miguu juu ukutani, siku saba.

— Na hiyo "iko juu" ndiyo nini? Saa Mbovu akauliza.

— Mpanda ngazi hushuka, Profesa akajibu kwa huzuni.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia. Tulia.

Fundi akashusha pumzi. Jana jioni mkewe alimweleza haya yote, yeye akiwa anavua viatu na kuwaza kochi la mteja. Nusu aliisikia, nusu ilipita.

— Mke wangu alishaelezwa, akasema. Mimba ikiingia, damu inazidi huko, shingo ya kizazi inalainika. Inapanda kidogo, halafu inajifunga kwa ute mzito. Nesi kasema ndivyo inavyotakiwa. Hata vile vitone vya damu alivyoviona baada ya kupimwa...

— Damu! Saa Mbovu akaruka, kahawa ikammwagikia gotini. Kuna damu, na wewe umekaa hapa?

— Vitone viwili! Nesi alimwambia vinaweza kutokea, na vikizidi au akiumwa tumbo arudi saa hiyo hiyo. Havikuzidi.

— Nesi mwenyewe alipima kwa kitu gani? Profesa akauliza.

— Kwa mkono. Kwa kidole. Nitajuaje, mimi nilikuwa kazini.

— Kidole kimoja hakivunji chawa!

Wakacheka wote watatu. Fundi hakucheka.

— Mke wa kaka yangu haendi popote, Pancha akasema. Anajipima mwenyewe. Asubuhi anajigusa huko, anakwambia nina mimba, au sina. Kliniki ya nini?

— Ana watoto wangapi? Fundi akauliza.

— Saba.

— Walipanga wangapi?

— Wawili.

Pancha akajimiminia kahawa nyingine taratibu, kama mtu anayepiga hesabu upya.

— Mimi nimeshaona tatizo, Saa Mbovu akasema. Tatizo ni makochi yako. Kinachokalia sponji huwa sponji. Kuanzia leo shemeji akalie ubao.

— Nimeshona makochi miaka kumi na minane. Kwa hiyo mtaa mzima umelainika?

— Waangalie wanaume wa siku hizi, halafu uniulize tena.

— Si makochi, Profesa akasema. Ni simu. Mama akizungumza kwa simu, mawimbi hayaishii sikioni, yanateremka. Yanayeyusha vya ndani kama samli juani. Nilisoma.

— Ulisoma kichwa cha habari.

— Kichwa ndicho chenye ubongo, Fundi. Kilichobaki ni kiwiliwili tu.

— Na asipige chafya, Pancha akaongeza. Chafya inatikisa.

— Asicheke pia, kwa nguvu.

— Wala asikasirike.

— Akiwa mtaa mmoja na nyinyi asikasirike? Fundi akafoka. Nimewapa kadi msome, mnanipa sponji na chafya!

Profesa akainua mkono kama hakimu.

— Tusigombane. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo maana nasema asirudi kule wakamchokonoe. Mimba changa haiguswiguswi. Kijiwe kimekata shauri.

Fundi akauweka chini mkasi aliokuwa nao. Akaketi ukingoni mwa benchi, nusu ndani nusu nje.

— Maneno hayo hayo, akasema. Mwaka juzi mlinipa maneno hayo hayo. Nesi alikuwa na wasiwasi kwamba shingo ya kizazi ya mke wangu ni fupi, haitahimili uzito. Akamwandikia arudi wampime. Nikaja hapa, mkasema haiguswiguswi, nikamzuia. Pengine mimba ingetoka hata angekwenda. Hilo sitalijua mpaka naingia kaburini. Mlikuja kunipa pole mkasema ni mipango ya Mungu, na mimi nikaitikia. Nilimsingizia Mungu, jamani. Yeye hakuwa kwenye benchi hili. Aliyekuwa hapa ni mimi.

Saa Mbovu akatazama goti lake lililolowa.

— Usijilaumu, ndugu yangu, Pancha akasema kwa sauti ya chini. Maji yakimwagika...

— Usiimalizie, Pancha. Nakuomba.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana kitambo, stuli iliyochanika ameibana kwapani, akingoja wamalize ahudumiwe. Akakohoa kidogo.

— Samahani, kaka zangu. Hiyo kadi, mwenyewe ameandikiwa arudi lini?

Pancha akamtazama Saa Mbovu. Saa Mbovu akamtazama Profesa. Profesa akaitazama miwani yake.

— Huko tulikuwa hatujafika, akasema.

Fundi akaipokonya kadi, akaigeuza. Tarehe ilikuwa ya leo. Saa nne. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu, naye akaisoma mwenyewe kwa sauti, akiweka kidole chini ya kila neno: "Altrasaundi, kupima urefu wa shingo ya kizazi. Kuonana na daktari kuhusu kushonwa shingo ya kizazi isifunguke mapema. Aje na kadi, aje na mume."

— Kushonwa? Saa Mbovu akashtuka. Sasa kushona si kazi yako wewe?

Fundi alikwisha kuweka simu sikioni.

— Uko wapi, mke wangu?

— Kliniki. Nimekaa nje ya chumba cha altrasaundi. Wanataka kadi.

— Ninayo.

— Najua unayo. Nilikwambia usome, unipigie.

— Nimesoma.

— Umesoma, au umesomewa?

Uongo ulikuwa karibu sana na mdomo wa Fundi.

— Nilianza kwa kusomewa. Mwisho nimesoma mwenyewe. Nisamehe.

Upande wa pili watoto wa watu walisikika wakilia, na nesi akiita jina.

— Mbele yangu wamebaki wanne, mkewe akasema. Njoo.

Fundi akavua aproni, akavaa shati safi lililotundikwa msumarini, vifungo vikapishana. Akamwambia yule mama aiache stuli, ataishona kesho. Benchi zima likasimama.

— Tukusindikize!

— Ukifika mwambie daktari kwamba sisi huku...

— Muulize kuhusu simu!

— Fundi, kabla hajaingia, hakikisha...

Alikuwa amefika barabarani, kadi ameishika kwa mikono miwili. Akageuka.

— Ndugu zangu, leo msinishauri. Mwombeeni mke wangu.