Siku Mama Geuza Alipoambiwa Akalale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena. Mimi ni Loisi. Baadhi yenu hapa Kilosa mtanikumbuka kama yule dada aliyekuwa akichora mabango ya elimu ya watu wazima, mama anachemsha maji, baba anachimba choo. Siku hizi naishi Mikumi. Mchungaji ameniomba nishuhudie, nami nimekubali, ingawa si mzoefu wa kusema mbele za watu. Mimi husema kwa kuchora. Nikisita, mnivumilie. Na mkiisikia sauti yangu imechoka, ni kweli imechoka, maana ninachokuja kushuhudia ni habari ya uchovu na jinsi Mungu alivyonitoa humo.

Kuchora nilijifunza shule ya misheni kule milimani kwetu. Mwalimu aliona naharibu madaftari kwa picha, badala ya kunichapa akanipa ubao. Baadaye nikaajiriwa ofisini hapa Kilosa, nikaolewa na Danieli, dereva, mtu wa mizaha, mwenye pua ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuicheka. Tuliishi vizuri. Kisha serikali ikapunguza watumishi. Walianza na wapishi na wahudumu, wakafika kwa wachoraji. Nilikabidhi brashi zangu nikarudi nyumbani mchana, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Zile zilikuwa enzi za ruksa, ndugu zangu. Kila mtu alikuwa anafungua kitu, duka, mgahawa, nyumba ya wageni, na kila aliyefungua kitu alitaka kibao. Tukahamia Mikumi kwa sababu iko kwenye barabara kuu. Danieli akapata lori la tajiri mmoja, akawa anabeba miwa Kidodi na Ruaha. Mimi nikawa napaka rangi kuta za watu. Nimechora twiga wengi kuliko waliomo mbugani! Ilikuwa kazi ya kusimama juani na kuambiwa na mwenye nyumba kwamba simba wake anafanana na mbwa, lakini tulikula.

Kisha lori likapinduka.

Sitaeleza sana. Lilikuwa limejaa miwa, barabara ilikuwa na tope, likalala ubavu kwenye kona na Danieli akiwa ndani. Alitoka mzima, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu. Hospitali walikaa naye, wakafanya walichoweza, mwishoni wakanifundisha kumgeuza. Mtu wa namna ile asipogeuzwa, ngozi inaoza na vidonda vinamla. Nimgeuze huku, nimgeuze kule, usiku na mchana. Nimsafishe, nibadilishe shuka, nifue, nianike, nimgeuze.

Ndugu zangu, mimi ni mwembamba kama mnavyoniona. Danieli alikuwa mtu mzima mwenye mwili wake.

Sikuweza tena kwenda kupaka rangi kuta za watu, maana ningemwacha na nani? Ila wakati huo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuchipuka Dar es Salaam, na mengine yalikuwa ya katuni tupu. Nikaanza kuwachorea nikiwa nyumbani. Nilichora kwenye meza ndogo pembeni ya kitanda, kalamu ya kuchovya mkono wa kulia na pepeo la kufukuzia nzi mkono wa kushoto, kisha bahasha nampa kondakta wa basi la Dar. Nilichora wanasiasa wenye matumbo, walevi, wake wenza wanaorushiana masufuria. Michoro mingi ilikataliwa. Mhariri alinitumia salamu kwamba vichekesho vyangu havichekeshi. Na kweli, ningechekesha kwa kitu gani?

Siku moja nimekaa, karatasi nyeupe, kichwa hakina kitu. Nikajikuta namchora mwanamke mwembamba anamgeuza mwanamume mkubwa kama anasukuma gari bovu. Danieli akaomba kuona. Aliitazama, akacheka mpaka akakohoa. Palepale akampa mwanamke yule jina, Mama Geuza.

Nikamuuliza kama angekubali niitume.

"Nichore," akasema. "Kitandani hapa hata mende wameshanizoea, afadhali na watu wanione. Ila pua usiiongeze."

Nikaituma. Mhariri akataka nyingine, na nyingine. Basi nikawa nachora maisha yetu kama yalivyo. Mama Geuza na ndoo. Mama Geuza anasinzia juu ya mwiko, ugali unaungua. Mume wake anamsimulia hadithi ili asilale akiwa amesimama. Gazeti liliuzwa mpaka pale stendi Mikumi, miongoni mwa mayai ya kuchemsha na karanga, na abiria walicheka madirishani.

Mimi sikucheka. Nilichora kwa sababu tulipaswa kula. Mgongo ulikuwa unauma hata nikiinama kuokota kalamu. Tulishampeleka Danieli kwenye mkutano wa injili hapa hapa Kilosa. Walimwombea kwa saa nzima, wakamwambia simama, hakusimama. Dada mmoja akaniambia imani yangu ndiyo iliyokuwa pungufu. Pengine. Nilipofika nyumbani niliacha kuomba. Sikumkasirikia Mungu, ndugu zangu, nilikosa nguvu tu ya kufungua mdomo. Ombi la mwisho ninalolikumbuka, nikiwa naanika shuka, nilisema, Bwana, mchukue yeye au unichukue mimi, lolote litakalokuwa jepesi kwako. Kisha nikachukua shuka nyingine.

Hapo ndipo shemeji yangu Yona alipokuja kutoka Kidodi. Alikuja na wazee wawili wa ukoo na mama mkwe wangu kutoka Kilangali. Nilimpigia mama magoti, shikamoo, marahaba, nikawatandikia mkeka, na kwa nyuso zao nikajua hawakuja kumsalimia mgonjwa.

Yona alizungumza kwa heshima. Alisema kule wanakopima miwa, vibarua wanalisoma lile gazeti kwa sauti, na yeye wanamwita shemeji wa Mama Geuza. Alisema nimemwanika kaka yake mbele ya taifa zima, na ndoo yake, na uchi wake. Nilitaka kujibu kwamba uchi sijawahi kuuchora, nikaona hata hilo ni refu kulisema. Danieli akaita kutoka chumbani kwamba yeye alikubali. Mzee mmoja akasema mgonjwa hukubali chochote. Wakahitimisha hivi: niache kuchora kuanzia siku ile, au wamchukue ndugu yao wampeleke Kidodi.

Nikae bila kuchora tufe njaa, au mume wangu abebwe. Na ndani yangu, ndugu zangu, kuna sauti ndogo ilisema, wacha wambebe, ulale. Niliisikia vizuri kabisa. Nilikaa nikitazama mikono yangu yenye wino.

Mama mkwe wangu alikuwa analitazama gazeti ambalo Yona alikuja nalo mkononi. Huyu ni mama wa kulima mpunga, hakupata shule, kusoma hajui. Tangu ajali alikuwa amekuja mara chache tu na kurudi siku ileile, kwa sababu kila aliponitumia mtu kuuliza hali, mimi nilijibu tunaendelea vizuri. Ndivyo mke wa mtu anavyojibu. Sasa akanyoosha mkono akamwambia Yona ampe hilo gazeti.

Yona akamwambia, "Mama, wewe utasoma nini humo?"

Mama akaacha mkono wake ukiwa umenyooka. Yona akampa, na mengine niliyokuwa nayo mama akaniomba nilete. Akayaweka magotini, akawa anapitisha kidole, picha moja baada ya nyingine, taratibu, kama anachambua mchele. Wazee wakaanza kunong'onezana habari za mvua. Yeye aliendelea. Alipofika mwisho akarudia la kwanza.

Kisha akaniuliza, "Huyu mwembamba ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu ni mwanangu. Nimemjua kwa pua."

"Ndiyo, mama."

Kisha akawageuzia wengine lile gazeti, kidole chake kikiwa juu ya karatasi.

"Nimetafuta humu mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Sioni mtu wa tatu. Sisi tuko wapi?"

Yona aliangalia chini. Yule mama akavua kitenge cha safari, akakikunja, akajifunga khanga kiunoni kama mtu anayeingia shambani. Akamwambia Yona, "Nenda Kilangali ukaniletee nguo zangu na jembe. Na Jumapili uje umwogeshe kaka yako, mimi mama yake siwezi." Kisha akanigeukia mimi, akaniambia, "Kalale, mwanangu."

Nikasema ni saa ya kumgeuza. Akasema, "Nionyeshe mara moja, halafu ukalale."

Nikamwonyesha. Nikaenda kulala jua likiwa kali juu ya bati, nikalala mpaka kesho yake asubuhi, na nilipoamka nilisikia Danieli anacheka na mama yake, na harufu ya uji. Nikalia. Nilisema, Bwana, nimekuelewa. Nilikuomba umsimamishe mtu mmoja, wewe umewasimamisha wengine.

Yona alikuja Jumapili ile, kanuna. Akaja na iliyofuata. Baadaye akawa anauliza kwa nini yeye hajachorwa, nikamchora. Vibarua wa Kidodi walimcheka vizuri zaidi. Akina mama wa kanisa, walipomwona mkwe wangu akiteka maji peke yake, wakaona haya, wakagawana siku.

Danieli hakusimama kamwe. Niseme ukweli mbele za Mungu. Aliishi miaka kadhaa mingine, akatwaliwa akiwa na ngozi safi, bila kidonda hata kimoja. Tulipomaliza msiba wazee walimwuliza mama lini anarudi Kilangali. Alisema nyumba yake iko Mikumi. Yuko huko hata leo, amedhoofika, na mimi ndiye ninayemgeuza, ila leo nimemwacha na akina mama wa kanisa. Mgongo bado unauma. Bado nachora, na bado magazeti mengine yananikatalia. Lakini ombi lile la kwenye kamba ya nguo sijalirudia tena.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi mlionisikiliza. Kuna mtu hapa leo amesalimiwa mlangoni, akajibu tunaendelea vizuri. Mpendwa, Bwana anakuona, mtegemee hata kama mdomo hauna nguvu ya kumwita. Ila tukitoka hapa, kabla hujaenda nyumbani, mshike mkono mmoja wetu umwambie ukweli. Mimi nitakuwa pale nje mpaka basi la jioni. Amina.