Ishema, Aliyetafuta Kuachia Bila Kuchubua

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Misiera, na ninyi mliotoka Mbarara kabla jua halijachomoza, familia inaomba masikio yenu, ili muusikie mwendo wa mtoto wetu Ishema Semahoro tangu alipokuja duniani mpaka alipotutoka.

Ishema alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 huko Bijombo, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa mfugaji Semahoro na Mama Miriamu, na mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipofika milimani, baba alibaki nyuma kukusanya ng'ombe akisema atawafuata, hakuwafuata, na hadi leo hatujui alipoangukia. Mama alivuka na watoto wawili, Ishema na mdogo wake Sidonie, wakapita Tanzania, wakaingia Uganda kwa njia ya Kikagate Januari 1997, wakapokewa hapa Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Tangu siku hizo Mama Miriamu amekuwa mtu wa wasiwasi, mtoto akichelewa bombani anatoka kumfuata, na hatumlaumu.

Shule ya msingi aliianza upya hapa kambini, akiacha Kifaransa na kushika Kiingereza, akamaliza mwaka 2001, akaendelea na sekondari Masha hadi 2006. Lakini shule iliyomfunza zaidi ilikuwa kitanda cha Sidonie, ambaye mwaka 1999 aliunguzwa mkono na tadoba, ile taa ya kopo, na kila bandeji ilipobadilishwa, hata muuguzi ailoweshe kwa maji ya chumvi na kuivuta taratibu namna gani, ngozi changa ilitoka nayo, mtoto akipiga kelele, Ishema amemshika miguu. Aliuliza kila mtu, hata mchungaji, kwa nini kitu kilichoshika vizuri hakiwezi kuachia vizuri.

Alisomea kazi ya maabara Mbarara kuanzia 2007, na Agosti 2009 akaajiriwa katika maabara moja mjini humo iliyokuwa ikichunguza swali lake hasa. Walichukua seli, yaani vile vipande vidogo kabisa ambavyo mwili umejengwa navyo, wakazitengeneza ili zitii mwanga, wakazilaza juu ya kioo kilichopakwa dawa, mwanga wa buluu ukiwaka zinashika kioo, gizani zinaachia zenyewe polepole, bila kukwanguliwa. Ubaya ni kwamba umeme nao una mambo yake, ukikatika kabla ya wakati seli zinaachia ovyo na kazi yote inamwagwa, hivyo wingu likitanda tu Ishema aliacha chakula mezani akakimbilia betri.

Neno hilo seli nusura limuue mama yake. Septemba 2009 mfanyabiashara mmoja alileta habari Misiera kwamba Ishema sasa yuko kwenye seli, hatoki mpaka giza liingie, na Mama Miriamu, ambaye seli anayoijua ni ile ya kufungia watu, alilia, "Bamefunga mutoto yangu!", akafunga maharage na maziwa, akaenda moja kwa moja kwenye lango la kambi ya jeshi Mbarara. Sajini Hudson, aliyekuwa zamu langoni, alimtafutia kwenye orodha ya wafungwa, akarudi na kumwambia, "Mama, jina hiyo hapana hapa," jambo lililomtisha zaidi, maana alidhani wameshamhamisha, mpaka binti wa sajini, Kobusingye Annah, alipouliza huyo kijana amesomea nini, akamwongoza hadi maabara. Walimkuta Ishema ameinamia sanduku lenye mwanga wa buluu, mama akamkumbatia na kukataa kumwachia mbele ya wakubwa wake wote, Annah akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichozaa harusi yake na Ishema ya tarehe 17 Desemba 2011, katika kanisa lile pale. Mungu aliwajalia watoto wawili, Uwitonze mwaka 2012 na Kalisa mwaka 2014.

Januari 2015 Ishema alianza kuvimba miguu, ikaonekana figo zimechoka, na hofu ikahamia nyumbani kwetu sote. Mama Miriamu alihamia Mbarara, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, akimgusa kifua kila mara kuhakikisha bado kinapanda na kushuka. Ishema naye alirudi maabara kila alipopata nafuu, na mwezi wa Juni utando wa seli za ngozi wa kufunikia majeraha ya moto, usiozidi ukucha, ulibanduka kwenye kioo ukiwa mzima, bila kuchanika, akamwita Sidonie aje aone, wakalia wote wawili. Alituonya tusitangaze dawa, kwani utando huo haujawekwa kwa mtu yeyote bado. Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Agosti 2015, hospitalini Mbarara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliolisha nyumba yetu, Sajini Hudson na wenzake kwa gari lililomleta, na wafanyakazi wenzake wakiongozwa na Nasani, ambao wameahidi kuendelea na kazi yake.

Na sasa, ndugu waombolezaji, mnaona sanduku halijateremshwa kaburini, na sababu mnaiona, Mama Miriamu ameliwekea mikono tangu asubuhi, na vijana walioshika kamba wanauliza wafanyeje. Familia inasema hivi, asiguswe, asivutwe, mikono ile tutaingoja mpaka iachie yenyewe, hata jua likizama. Ishema, wewe tangulia upumzike kwa amani, sisi bado tuko hapa na mama yako.